Kwa nini ni "smells good" na si "smells well"

Kivumishi hueleza nomino. Kielezi hueleza kitenzi, kivumishi au kielezi kingine. Ndivyo tulivyofundishwa shuleni, na ni kweli, ila kanuni hiyo haimwokoi mtu aliyekwama katikati ya sentensi ya Kiingereza. Mimi naona heri kuanzia kwenye Kiswahili, maana tofauti hii tunayo mdomoni tangu utotoni.

Tunasema mwalimu mzuri, kitabu kizuri, nyumba nzuri. Neno linafuata ngeli ya nomino yake. Lakini mwalimu anafundisha vizuri na watoto wanaimba vizuri: hapo "vizuri" haligeuki, awe mmoja au mia, kwa sababu linaeleza tendo. Palipo na "mzuri" au "kizuri", Kiingereza huweka "good". Palipo na "vizuri" linaloeleza tendo, huweka "well". Vilevile jibu la haraka ni "a quick answer", na alijibu haraka ni "she answered quickly". Angalia hiyo "la": ndiyo inayoifunga haraka kwenye jibu, na Kiingereza kinapoeleza tendo huongeza "-ly".

Mpaka hapo Kiswahili kinatubeba. Kinatuangusha tukifika kwenye vitenzi vya hisia. Chakula kinanukia vizuri. Mtu akifuata kipimo cha juu ataandika "The food smells well", na atakuwa amekosea bila uzembe wowote. Kwa Mwingereza, "smell", "taste", "look", "sound", "feel" na "seem" mara nyingi hufanya kazi ya kitenzi kishirikishi, yaani "ni". Hakuna tendo la kuelezwa. Kinachoelezwa ni chakula chenyewe, kwa hiyo "The food smells good". Ukisema "The dog smells well", umesifu pua ya mbwa kwa kunusa. Ukisema "The dog smells good", mbwa ndiye anayenukia.

Kipimo chake ni chepesi: ondoa kitenzi, weka "is" au "was". Sentensi ikibaki na maana, tumia kivumishi. "She looked angry" inapita, kwa kuwa "She was angry" ina maana ileile ya hasira iliyo usoni. "She looked angrily at the driver" haipiti, kwani huyo alimtazama dereva kwa hasira, na kutazama ni tendo. Ndiyo maana pia anayejuta husema "I feel bad". "I feel well" nayo ni sahihi, maana katika habari za afya "well" ni kivumishi chenye maana ya mzima.

Na hiyo "-ly" isiaminiwe kupita kiasi. "Friendly", "lonely" na "elderly" ni vivumishi, ingawa vina mkia huo. "Fast" hutumika kotekote bila kubadilika. Neno la kuogopwa zaidi ni "hard". "I work hard" ni nafanya kazi kwa bidii. "I hardly work" ni karibu sifanyi kazi kabisa. Mwombaji kazi aliyeongeza "-ly" hiyo kwa kudhani anakamilisha sarufi atakuwa amemwandikia mwajiri kwamba yeye ni mvivu, na barua yote iliyobaki haitaweza kulifuta neno hilo.