Java Inashuka kwenye Jedwali Lipi Hasa?

Kila mara orodha ya TIOBE, inayopanga lugha za kuandikia programu kwa umaarufu, inapotoka na lugha ya Java ikaonekana imeteremka ngazi moja, napokea swali lilelile, wakati mwingine kwa sauti ya rambirambi: sasa nitahamia lugha gani? Orodha hiyo huhesabu matokeo ya injini za utafutaji yanayoitaja kila lugha, na wanaoitunga wameeleza waziwazi kwamba haioneshi lugha iliyo bora wala ile iliyoandikiwa mistari mingi zaidi. Python imepanda, naam, lakini wengi walioipandisha ni wachambuzi wa data na watafiti ambao hawakuwa watu wa Java tangu awali.

Linaloniudhi zaidi ni hoja kwamba Kotlin, lugha changa kuliko Java, imeizika Java. Ni kweli kwamba Google iliitambua rasmi kwa ajili ya Android mwaka 2017, ikaitanguliza mwaka 2019, na huko sintaksia ya Java imepoteza uwanja, hilo silibishi. Lakini hao wanaotangaza mazishi wachukue programu ya Kotlin inayoendeshwa kwenye seva, waandike println(mutableListOf(1).javaClass), kisha wasome kinachochapishwa: class java.util.ArrayList. Orodha wanayoiita ya Kotlin ni ya Java, kompaila (kitafsiri cha msimbo) imetoa faili za .class kama zile za Java, JVM, yaani mashine pepe inayoziendesha, ni ileile pamoja na kisafishaji chake cha kumbukumbu, na programu ikianguka kwa sababu ya null (thamani isiyokuwepo), kosa litakalowapokea ni java.lang.NullPointerException. Mpangaji aliyepaka mlango rangi mpya hajajenga nyumba nyingine.

Wapo pia wanaoihukumu Java kwa toleo la 8, la mwaka 2014, kwa kuwa ndilo lililobaki kwenye mfumo wa ofisini kwao ambao hakuna anayethubutu kuugusa. Tangu toleo la 16, la mwaka 2021, mstari mmoja wa record Nukta(int x, int y) {} unatosha kuunda aina ya data, na equals, hashCode na toString, ambazo zamani ziliandikwa kwa mkono, zinakuja zenyewe. Toleo la 21, la mwaka 2023, likaleta thredi pepe, yaani nyuzi nyepesi za kuendeshea kazi nyingi kwa pamoja, ambazo husubiri mtandao kwa wingi mkubwa bila kila moja kuishikilia thredi ya mfumo endeshi.

Wasiwasi wangu uko kwingine. Docker na Kubernetes, zana za kufungasha na kusimamia programu kwenye seva, zimeandikwa kwa lugha ya Go, na katika zana ndogo zinazowaka papo hapo kutoka faili moja, kwa kumbukumbu kidogo, Java imeshindwa. Zana iitwayo GraalVM inaweza kuigeuza programu ya Java kuwa faili la namna hiyo, ila maktaba zinazotegemea reflekshini (programu kujichunguza yenyewe inapoendeshwa) hudai maelezo ya ziada, na ujenzi huchukua muda wa kutosha kumfanya mtu ajiulize kwa nini hakuanza na Go. Nina shaka pia kama thredi pepe, kwa jinsi zilivyochelewa kuja, zitamrudisha yeyote aliyekwisha kuhama, maana huduma ya Go inayofanya kazi haitaandikwa upya, kama ambavyo ule mfumo wa Java 8 hautaandikwa upya.