Jaji na kadi ya chama

Ibara ya 113A ya Katiba ya Tanzania inamkataza Jaji wa Rufani, Jaji wa Mahakama Kuu, msajili na hakimu wa ngazi yoyote kujiunga na chama cha siasa. Haki ya kupiga kura anabaki nayo. Mahakimu ninaowafundisha maadili huniuliza: kama naruhusiwa kukichagua chama, kwa nini nisiwe na kadi yake?

Kwa sababu kura ni siri. Kesi za kupinga matokeo ya ubunge husikilizwa na Mahakama Kuu, na mgombea aliyeshindwa hana njia ya kuujua moyo wa jaji. Anachokiona ni nani alikaa meza kuu kwenye mkutano wa kampeni, nani alichangia harambee ya nani, nani aliandika nini kwenye kundi la WhatsApp. Simwambii jaji ajifungie ndani. Kanuni za Bangalore, yaani kanuni za kimataifa za maadili ya majaji, zinamruhusu kuandika na kufundisha sheria.

Pagumu ni baada ya kuvua joho. Juni 2010 Jaji Mkuu Augustino Ramadhani aliongoza jopo la majaji saba wa Mahakama ya Rufani katika rufaa ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Mchungaji Christopher Mtikila, aliyedai mgombea binafsi, yaani asiye na chama, aruhusiwe. Jopo lilisema suala la mgombea binafsi ni la Bunge kuamua. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, ikaona kwamba kumzuia mgombea binafsi kunakiuka Mkataba wa Afrika. Mwaka 2015 Ramadhani, akiwa Rais wa mahakama hiyo ya Arusha, alichukua fomu ya CCM kuomba kuteuliwa kugombea urais.

Sidai kwamba hukumu ya 2010 ilikuwa na upendeleo. Lakini wafuasi wa Mtikila wakijiuliza, nitawalaumu vipi? Ibara ya 113A haikumgusa tena Ramadhani, maana nchini alikwishastaafu. Itifaki ya mahakama ya Arusha, ibara ya 18, inasema ujaji hauendani na shughuli yoyote inayoweza kuathiri uhuru wa jaji au kutopendelea kwake. Kwangu mimi, kuomba tiketi ya chama ni shughuli ya namna hiyo, na kiti kilipaswa kuachwa kwanza.

Ningependa sheria iweke muda wa kusubiri, tuseme miaka mitano, kabla jaji mstaafu hajachukua fomu ya chama. Haki yake ya uraia itacheleweshwa, nakubali, na kwa mtu wa umri huo miaka mitano si kidogo. Hata hivyo muda huo uanze kuhesabiwa siku anapoacha kiti chake cha mwisho cha ujaji, kiwe cha hapa nyumbani au cha mahakama ya kimataifa.