Paka mgonjwa na tiba za leo: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mtu aliyeugua sana akanusurika husemwa kuwa ana roho ya paka, na sifa hiyo, kwa bahati mbaya, imewaponza paka wenyewe. Paka akianza kuugua huachwa ajifiche uvunguni kwa kudhaniwa kwamba atajilamba na kupona. Asipopona, wenye nyumba husema kwamba ugonjwa ule haukuwa na dawa. Dhana nyingi zinazofuata hapa zimezaliwa na mojawapo ya kauli hizo mbili, nami naanza na ile iliyokuwa kweli hadi juzijuzi.

Dhana: Tumbo la paka likishajaa maji, hakuna dawa

Kauli hii ilitolewa na madaktari wenyewe kwa zaidi ya nusu karne, na hawakuwa wakisema uongo. Ugonjwa unaohusika mara nyingi, unaofahamika kwa kifupi kama FIP (kwa Kiingereza feline infectious peritonitis), ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1963 huko Boston, Marekani, na tangu hapo paka aliyebainika kuwa nao alihesabiwa kuwa amekwisha kufa. Chanzo chake ni virusi vya korona vya paka, ambavyo huenea kwa kinyesi mahali wanapofugwa paka wengi na kwa kawaida huleta kuhara kidogo, au visilete dalili yoyote. Kwa paka wachache, hasa wasiozidi umri wa miaka miwili, virusi hivyo hubadilika vikiwa ndani ya mwili, vikavamia chembe nyeupe za damu na kudhuru kuta za mishipa midogo, hadi majimaji yakavuja na kujaa tumboni au kifuani.

Kwa nje hali hiyo hudanganya. Tumbo huwa la mviringo kama la paka mwenye mimba, ilhali ukimpitishia mkono mgongoni unaweza kuhesabu pingili moja moja. Wengi hukimbilia dawa ya minyoo. Daktari huyavuta majimaji hayo kwa sindano, nayo hutoka ya manjano, yakivutika kama ute wa yai. Kisha anaweza kufanya kipimo cha Rivalta, kisichohitaji mashine yoyote: hutia tone moja la asidi kali ya siki katika mililita 8 za maji yaliyokenekwa, halafu hudondosha juu yake tone la majimaji ya tumboni. Tone likitawanyika na kupotea, FIP huwa mbali. Likibaki limejikusanya, likielea au kuzama taratibu kama yavuyavu, shaka huongezeka na vipimo vingine hufuata, kwa kuwa maambukizi ya bakteria nayo huweza kutoa jibu hilohilo.

Mwaka 2019 kundi la Niels Pedersen wa Chuo Kikuu cha California, Davis, lilichapisha matokeo ya dawa ya kupambana na virusi iitwayo GS-441524 kwa paka 31 waliopata FIP kwa njia ya kawaida. Paka 26 kati yao walimaliza wiki 12 za sindano, wakati ambapo zamani wangekufa takribani wote. Mwaka 2024 watafiti wa Munich, Ujerumani, walionyesha kwa paka 40 wenye FIP ya majimaji kwamba siku 42 za dawa ya kumeza zilifaa sawasawa na siku 84.

Tiba hiyo ina masharti yake. Dozi hupimwa kwa uzito, na kwa kuwa paka mchanga anayepona hunenepa upesi, asipopimwa kila wiki huendelea kupewa dozi ya mwili aliokuwa nao mwezi uliopita. Ugonjwa ukiingia machoni au kwenye ubongo, dozi hulazimika kuwa kubwa zaidi. Kabla dawa haijapatikana kihalali, wafugaji wa nchi nyingi walinunua vichupa kwa watu wasiowajua kupitia mitandao ya kijamii. Paka wengi walipona kwa njia hiyo, na hilo lisifichwe, lakini hakuna aliyekuwa na hakika ya kiasi cha dawa kilichomo. Leo madaktari wa Uingereza, Australia na, tangu mwaka 2024, Marekani wanaweza kuiandika kwa njia halali. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa amuulize daktari wa mifugo namna ya kuiagiza kwa kibali.

Dhana: Hiyo ni UVIKO, paka atatuambukiza

Virusi vya korona ni ukoo mkubwa, na hivi vya FIP haviambukizi binadamu. Mkanganyiko ulikolezwa na habari za Kupro, ambako mwaka 2023 aina mpya ya virusi hivyo, iliyochanganyika na korona ya mbwa, iliua paka wengi, na mwezi Agosti serikali ikaruhusu akiba ya vidonge vya molnupiraviri, vilivyonunuliwa kwa ajili ya wagonjwa wa UVIKO-19, vitumike kwa paka.

Dhana: Basi dawa za watu zinamfaa, mradi zipunguzwe

Hapa ndipo habari kama ile ya Kupro inapoweza kuua. Ini la paka lina upungufu wa kimeng'enya ambacho ini la binadamu hukitumia kuiondoa parasetamoli mwilini. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua, na hata robo yake ni sumu kwa paka wa kilo 4. Damu hushindwa kubeba oksijeni, fizi hugeuka rangi ya kahawia, uso na miguu huvimba. Dawa ya kuiondoa sumu hiyo ipo, nayo ni asetilisisteini, ila hufaa zaidi ikitolewa katika saa za mwanzo. Dawa za viroboto za mbwa zenye permethrini ziwekwe katika fungu hilohilo, kwa sababu zikipakwa paka humtetemesha mwili mzima hadi degedege.

Dhana: Dume anayechutama bila kutoa kitu ana choo kigumu

Hupewa kijiko cha mafuta na kusubiriwa, na saa zinakwenda. Mara nyingi kilichoziba ni mrija wa mkojo, ambao kwa dume ni mwembamba mno. Kibofu hujaa hadi kikawa kigumu kama chungwa chini ya vidole, potasiamu hupanda katika damu, moyo hupunguza mapigo, na paka anaweza kufa ndani ya siku mbili au tatu. Tiba yake inajulikana: dawa ya usingizi, mpira mwembamba wa mkojo na dripu, anayeziba tena na tena hufanyiwa upasuaji wa kupanua njia. Usiku wa Jumamosi haupaswi kusubiri Jumatatu.

Dhana: Asiyekula aachwe, atakula akipona

Paka, hasa mnene, akikaa siku kadhaa bila kula, mafuta ya mwili humiminikia kwenye ini na kulilemea, macho na fizi vikawa vya manjano. Katika ugonjwa huu chakula chenyewe ndicho tiba. Daktari hupitisha mrija laini ubavuni mwa shingo hadi kwenye umio, na mwenye paka hurudi naye nyumbani akiwa amefungwa bendeji kama skafu, akamlisha chakula kilichosagwa kwa bomba la sindano mara nne hadi sita kwa siku, kwa wiki kadhaa. Watu huona ni ukatili, ilhali paka mwenyewe huketi kimya akilishwa, wengine wakisinzia.

Dhana: Mzee au mwenye saratani, kumtibu ni kumtesa

Inategemea ugonjwa. Paka mzee anayekula sana na bado anakonda huenda ana tezi ya thairoidi iliyozidisha kazi, na sindano moja ya iodini yenye mionzi humponya kabisa katika visa vingi. Saratani ya limfoma hutibiwa kwa dozi zilizokusudiwa kumpa muda mzuri wa kuishi, kwa hiyo wengi hawanyonyoki manyoya, ingawa sharubu huweza kudondoka. Figo zilizochakaa hazirudi zilivyokuwa. Chakula maalumu huzipunguzia mzigo. Zipo pia siku ambazo kumlaza paka asiamke tena ndiyo tiba iliyobaki, na kwa maoni yangu uamuzi huo ufanywe baada ya ugonjwa kupewa jina.

Dhana: Ametapika akafa kwa siku moja, basi amelishwa sumu na jirani

Maziwa hunyweshwa haraka kwa imani kwamba yatazima sumu, na maziwa hayazimi chochote. Paka mchanga asiyechanjwa anayetapika, kuharisha na kulegea ghafla huenda ana panleukopenia, ugonjwa hatari wa virusi vya paka, ambayo kipimo cha kinyesi huweza kuionyesha kwa dakika chache na ambayo dripu, dawa za kuzuia kutapika na antibiotiki huokoa baadhi ya wagonjwa wake. Chanjo huanza akiwa na wiki sita hadi nane na kurudiwa hadi wiki ya 16. Virusi vyake huweza kubaki sakafuni na kwenye matandiko hadi mwaka mzima, vikistahimili sabuni ya kawaida. Paka mwingine akiletwa katika nyumba hiyo bila chanjo huweza kufa vilevile, na jirani hulaumiwa mara ya pili.