Kutambua spishi za bahasha

Kazi yangu hapa Arusha ni kutambua mimea iliyokaushwa, na jicho lililozoea kazi hiyo halitulii hata ninapokwenda posta ya Mnara wa Saa kufungua sanduku langu. Bahasha nyingi za benki huchapwa nakshi upande wa ndani ili mtu asiyasome yaliyomo kwa kuziinua kwenye mwanga. Nimezikusanya, nikazibandua gundi kwa mvuke wa birika na kuzibandika kwenye karatasi ngumu, kila moja na lebo ya mahali na tarehe, kama ilivyo desturi ya hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa.

Jenasi, yaani kundi la spishi zinazokaribiana, nimeiita Involucrum, neno la Kilatini lenye maana ya kifuniko, ambalo sisi wa mimea hulitumia pia kwa vijani vinavyozunguka kichwa cha ua la alizeti. Kwa utaratibu wa majina mawili ambao Carl Linnaeus aliutumia kwa mimea mwaka 1753, yenye mawimbi ni Involucrum undulatum, na yenye mistari inayopishana kama ukili wa mkeka ni Involucrum intextum. Hizo hazisumbui.

Inayosumbua ni Involucrum litteratum, yenye herufi zilizorundikana ovyo. Hii haifichi barua kwa kuziba mwanga tu. Herufi zake zinakaribiana kwa ukubwa na unene na zile za barua, hivyo jicho hushindwa kuzitenga, kama lishindwavyo kumtenga nondo aliyetua kwenye gome la mti. Hapo nilifanya kosa ambalo ningemkemea mwanafunzi: niligawa spishi mbili, ya buluu na ya kijivu, kwa rangi tu. Chini ya lenzi ya kukuza mara 10 niliona R ile ile iliyokatika mguu ikijirudia katika zote mbili, kila baada ya upana wa vidole viwili. Chapa ilikuwa moja, wino ndio tofauti. Jina la pili nimelifuta.

Kingo nazo hazisaidii, kwa kuwa karatasi huchapwa kabla ya kukatwa na kukunjwa. Nakshi hukatikia popote kisu kilipopita, mithili ya jani lililotafunwa na mbuzi. Dirisha la kuonyesha anwani, ambalo Americus Callahan wa Chicago alilipatia hataza mwaka 1902, huonekana katika spishi yoyote, basi nimeliacha.

Limebaki fumbo moja kutoka Moshi: mawimbi yenye nembo ndogo katikati, pengine chotara. Kielelezo kimoja hakitoshi, kwa hiyo kimekaa kwenye jalada lililoandikwa Involucrum sp., yaani spishi ambayo bado haijatambuliwa, na dada yangu aliyeko huko nimemwomba asiitupe bahasha ya mwezi ujao.