Mmea Ulionyauka Si Lazima Uwe na Kiu

Picha ninazotumiwa na watu wa bustani za nyumbani zinafanana mno. Mnyanya umeinamisha majani, yale ya chini yameanza kuwa ya njano, na udongo unang'aa kwa maji. Kisha swali: "Namwagilia asubuhi na jioni, lakini bado unanyauka. Niongeze maji?"

Hapana, usiongeze. Nimelijibu swali hili mara nyingi mno, na kwa kuwa mimea bado inakufa kwa sababu yake, leo nalijibu kwa kirefu. Dhana nyingine zitasubiri mwishoni, na nitazipitia kwa haraka.

Wengi wanaamini kwamba bustani inayotunzwa ni ile inayomwagiliwa kila siku, na kwamba jani lililolegea ni mmea unaoomba maji. Kinachonisikitisha ni kuwa imani hii huwaumiza wenye bidii. Mtu anaamka mapema, anabeba ndoo, anamwagilia kwa moyo wote, na maji hayohayo ndiyo yanayouua mche wake.

Mizizi inapumua. Udongo mzuri wa bustani, ukiuchambua, karibu nusu yake ni chembe za madini pamoja na mboji. Nusu iliyobaki ni nafasi tupu, na hali ikiwa nzuri nafasi hizo hugawanywa karibu sawa kati ya maji na hewa. Ukimwaga maji mengine kabla ya yale ya jana kushuka, hewa yote inafukuzwa. Oksijeni husafiri ndani ya maji polepole mno, takriban mara 10,000 chini ya kasi yake hewani, hivyo ile kidogo iliyobaki ikitumika, nyingine haifiki kwa wakati. Mzizi uliokosa hewa hauna nguvu ya kunyonya maji hata ukiwa umezama ndani yake. Juu, majani yanaendelea kupoteza maji kwa jua na upepo, na chini hakuna kinachopanda. Mmea unanyauka huku miguu yake imelowa.

Mwenye bustani anaona majani yamelegea, anakimbilia kopo la kumwagilia, na hali inazidi kuwa mbaya. Udongo ukishajaa maji, wanaingia vimelea kama Pythium na Phytophthora, ambao mbegu zao ndogo zina uwezo wa kuogelea ndani ya maji ya udongo hadi kuufikia mzizi. Ng'oa mche mmoja ulioharibika uutazame. Mizizi yenye afya ni myeupe na imara. Iliyooza ina rangi ya kahawia na inateleza, na ukiivuta kwa vidole ganda lake linavuka, unabaki na uzi mwembamba wa katikati. Mara nyingi ina harufu ya kuoza pia. Ikishafika hapo, hakuna mbolea wala dawa itakayoirudisha.

Kwa hiyo ninaomba jambo moja: kabla ya kumwaga maji, chimbua. Ingiza kidole kwenye udongo hadi pingili ya pili, yaani kama sentimita 5. Kukiwa na unyevu, weka kopo chini uondoke. Kwenye tuta lenye mimea mikubwa, kidole hakitoshi. Chukua sepetu ndogo, shuka sentimita 15 pembeni mwa mmea, ushike udongo wa huko chini. Uso wa udongo unadanganya kila siku: unaweza kuwa mkavu juu na umelowa chini, au ukawa umelowa juu na chini ni vumbi tupu. Kwa chungu au ndoo, inyanyue. Ukishazoea uzito wake ikiwa imelowa na ikiwa kavu, mkono wako utakuambia.

Angalia pia ni saa ngapi. Maboga, matango na nyanya hulegeza majani saa za jua kali hata kama udongo una maji ya kutosha, kwa sababu majani yanapoteza maji kwa kasi kuliko mizizi inavyoyapandisha. Jua likipungua, yanasimama tena. Mmea wa namna hiyo hauna ugonjwa wala kiu, uache. Uliolegea asubuhi kabla ya jua kuchomoza ndio wa kukutia wasiwasi, na hapo ndipo unapochimbua.

Ukikuta unyevu mzuri chini na bado mnyanya, mbilinganya au mpilipili umenyauka ghafla ukiwa na majani ya kijani, shuku ugonjwa wa mnyauko bakteria. Kata kipande cha shina karibu na udongo, kitumbukize ncha kwenye glasi ya maji safi, usitikise. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikianza kushuka kutoka kwenye ule mkato, umepata jibu. Ng'oa mmea huo na mizizi yake, usiutupe kwenye mboji, na mahali hapo usipande jamii ya nyanya, viazi mviringo, bilinganya wala pilipili kwa misimu kadhaa. Hata umwagilie vipi, huo hautapona.

Basi tumwagilie vipi? Mara chache, kwa wingi. Maji kidogo ya kila siku hulowesha sentimita mbili tatu za juu na kukauka kabla hayajafaa kitu, na mizizi huyafuata hukohuko juu, kwenye joto. Siku moja ukisafiri, bustani nzima inalala. Kipimo cha kuanzia kwa mboga zilizokwisha shika ni kama lita 25 kwa kila mita moja ya mraba kwa wiki, sawa na mvua ya milimita 25. Tuta la mita 1 kwa mita 2 litataka lita 50. Kwenye udongo wa mfinyanzi unaweza kuzimwaga kwa mkupuo mmoja, polepole ili zipenye. Kwenye kichanga zigawe mara mbili au tatu, maana hakishiki maji. Joto likizidi, ongeza. Mvua ikinyesha, punguza. Halafu weka matandazo ya nyasi kavu au majani, unene wa sentimita 5 hadi 8, yasiguse shina. Nayasisitiza matandazo kwa kila ninayezungumza naye, na nitaendelea, kwa sababu hupunguza kazi ya kumwagilia kuliko kifaa chochote utakachouziwa.

Wapo wanaostahili maji kila siku, nisije nikaeleweka vibaya: mbegu ambazo hazijaota, miche midogo kitaluni, iliyohamishwa majuzi, na vyungu vidogo vinavyopigwa na jua. Hao mizizi yao iko juu au udongo wao ni mchache. Nyanya iliyofika kiunoni haimo kwenye kundi hilo.

Na majani ya njano? Hayo nayo yana maelezo zaidi ya moja. Njano ikianzia kwenye majani makuukuu ya chini na kupanda, mara nyingi ni upungufu wa naitrojeni, kwa sababu mmea huihamisha kutoka majani ya zamani kwenda machanga. Ikianzia kwenye majani machanga ya juu huku mishipa ikibaki ya kijani, mmea haupati chuma, na mara nyingi chuma kimo kwenye udongo ila mizizi imelowa mno au udongo una chokaa nyingi. Kwenye nyanya, majani ya chini yenye mabaka ya kahawia yaliyojaa miduara ndani kwa ndani ni ugonjwa wa ukungu uitwao bakajani tangulia: kata majani hayo na acha kurusha maji juu ya mmea. Matatizo matatu tofauti, na watu wanayatibu yote kwa ndoo ya maji.

Dhana ya maganda ya mayai ina undugu na hii ya maji. Nyanya zinapooza kitako, yaani doa jeusi lililobonyea upande wa chini wa tunda, watu husaga maganda na kuyazika kwenye shimo. Ni kweli tunda limekosa kalsiamu. Lakini udongo mwingi una kalsiamu ya kutosha. Iliyokosekana ni safari yake, kwa kuwa husafiri ndani ya maji yanayopanda kutoka mizizini. Udongo ukikauka kabisa, kisha ukafurikishwa, kisha ukakauka tena, kalsiamu haifiki kwenye tunda linalokua haraka. Maganda huchukua muda mrefu sana kuoza, na msimu wako utakwisha bado yamo. Yatie kwenye mboji kama unapenda. Kuoza kitako huzuiwa kwa unyevu usioyumba na kwa kupunguza mbolea ya naitrojeni. Chumvi ya Epsom nayo iache, kwa sababu ni magnesiamu salfeti, na magnesiamu ikizidi hushindana na hiyohiyo kalsiamu unayoitafuta.

Kumwagilia mchana hakuunguzi majani. Matone ya maji hayawi lenzi ya kuchoma jani laini. Mwaka 2010 watafiti wa Hungary walilipima jambo hili kwa makini, na kwenye majani yasiyo na manyoya hawakuona kuungua. Asubuhi ni bora kwa sababu maji hayapotei sana na majani hukauka mapema, ukungu ukakosa nafasi. Ila ukiukuta mmea umekauka kweli saa saba, umwagilie saa saba. Kuusubirisha hadi jioni ni kuutesa bure.

Kokoto chini ya chungu ili "maji yatoke vizuri"? Ziondoe. Maji hayashuki kwa hiari kutoka udongo wenye matundu madogo kuingia kwenye kokoto zenye nafasi kubwa. Hujikusanya juu yake kwanza, hivyo eneo lililolowa linapanda na kuikaribia mizizi. Kinachotoa maji ni matundu ya chini na udongo mwepesi kutoka juu hadi chini.

Samadi mbichi si mbolea kali zaidi, ni mbolea ambayo haijawa tayari. Amonia yake huunguza mizizi, nayo samadi yenyewe huleta mbegu za magugu, na inaweza kubeba vijidudu vya tumboni hadi kwenye saladi yako. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka siku 120 kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna zao linalogusana na udongo, na 90 kwa lisilogusana. Kwa bustani ya familia mimi nasema iozeshe kabisa kwanza, hasa kama kuna watoto wanaochuma karoti na kuzila papo hapo.

Kuhusu dawa za asili nitasema kwa ukali kidogo. Kuwa kitu kimetoka kwenye mmea hakukifanyi kiwe salama. Nikotini ya maji ya tumbaku ni sumu inayopenya hata kwenye ngozi, na tumbaku yenyewe inaweza kubeba virusi vya mozeki vinavyoambukiza nyanya na pilipili. Sabuni ya vyombo ikizidi huondoa nta inayolinda jani. Ukiwa na vidukari, anza na maji ya kasi kutoka kwenye mpira, chini ya majani, siku mbili tatu mfululizo. Mara nyingi hutahitaji kitu kingine.

Wapanda matunda nao huniuliza kama mbegu ya parachichi tamu itatoa parachichi tamu. Inaweza isitoe. Mti huo ni mtoto wa wazazi wawili, na huenda ukangoja zaidi ya miaka mitano ndipo ujue ulichopanda. Tufaha ni vivyo hivyo. Baadhi ya aina za maembe na machungwa mbegu zake hufanana na mama, na ndizo zinazowapa watu moyo. Kama nafasi yako ni ya mti mmoja tu, nunua mche uliobebeshwa, yaani kikonyo cha mti mzuri kilichoungwa juu ya shina la mti mwingine, na kila chipukizi linalotoka chini ya kiungo likate mara tu ulionapo, la sivyo mti wa chini utaumeza ule ulioulipia.

Na ukikata tawi, usipake rangi wala lami kwenye kidonda. Alex Shigo, mtafiti wa miti wa Huduma ya Misitu ya Marekani, alipasua maelfu ya miti na kuonyesha kwamba mti hujenga kuta zake za ndani kuzuia uozo, na kupaka hakuzuii chochote. Kata nje kidogo ya ule mkunjo uliovimba pale tawi linapoungana na shina, kwa msumeno mkali, usiache kisiki wala usichonge hadi kwenye shina.