Je, wajua kwa nini homa ya ini C huponywa kwa vidonge vya wiki 12, ilhali B hudumu?

Mkazi wa Dodoma anayejitolea damu, awe mwanafunzi wa Chuo Kikuu au muuza zabibu wa Soko la Majengo, damu yake hupimwa virusi vya UKIMWI, kaswende, homa ya ini B na homa ya ini C kabla ya kumfikia mgonjwa. Wapo wanaojua hali yao kwa njia hiyo tu, maana ini huweza kuumia miaka 20 bila macho kuwa ya manjano. Aliyekutwa na B, akihitaji dawa, mara nyingi huzitumia kwa miaka mingi, pengine maisha yake yote. Aliyekutwa na C humeza dawa mara moja kwa siku kwa wiki 12, na zaidi ya watu 95 katika kila 100 hupona kabisa. Kwa nini magonjwa mawili yanayoitwa kwa jina moja yaachane hivyo?

Tofauti iko katika akiba. Kirusi cha B huingiza vinasaba vyake ndani ya kiini cha seli ya ini na kuviacha humo, kama mkulima wa Kongwa anavyotunza mbegu ya mtama ghalani. Dawa huzuia mbegu isizae, lakini ghala lenyewe hailifikii. Kirusi cha C hakina ghala. Maelekezo yake yote yameandikwa katika RNA, kemikali inayobeba vinasaba vyake, ambayo haiingii kwenye kiini cha seli na huchakaa upesi, hivyo huishi kama kibarua wa kutwa: asipofanya kazi leo, kesho hana cha kula. Ndiyo maana hujinakili kwa pupa, hata kufikia takribani nakala trilioni moja kwa siku katika mwili wa mgonjwa mmoja. Ukiuzuia unakili huo kwa muda wa kutosha, zilizopo huisha na hakuna za kuziba pengo.

Dawa za sasa hufanya hivyo hasa. Sofosbuvir, iliyoidhinishwa Marekani mwezi Desemba 2013, hujifanya tofali la kujengea RNA. Kimeng'enya cha kirusi, yaani protini inayofanya kazi ya kunakili, hulipokea, hulipachika, na mnyororo hukatikia hapo, kwa kuwa tofali la bandia haliruhusu jingine kufuata. Daklatasvir, ambayo mara nyingi huambatana nayo, huzuia protini nyingine ambayo kirusi hakiwezi kujinakili wala kujiunda bila hiyo. Zinatumika mbili kwa sababu kirusi hiki hukosea sana kinaponakili, na kati ya makosa hayo huenda likazuka umbo linaloikwepa dawa moja. Kuzikwepa mbili kwa pamoja ni vigumu mno.

Kabla ya hapo mgonjwa alichomwa sindano za interferoni hadi wiki 48, akipata homa na msongo wa mawazo, na bado karibu nusu tu ndio waliopona. Vidonge vilipoingia sokoni Marekani, kimoja kiliuzwa dola 1,000. Bei ilikuja kushuka sana viwanda vya India viliporuhusiwa kuvitengeneza.

Mgonjwa asimfiche daktari dawa nyingine anazotumia. Rifampisini ya kifua kikuu na kabamazepini ya kifafa hupunguza nguvu ya vidonge hivi kiasi cha kuharibu tiba. Tena hupimwa B kwanza, kwani C ikiondoka, B iliyokuwa imelala huweza kuamka.

Kupona hutangazwa pale kipimo cha RNA kisipokuta kirusi wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho. Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa, na si kosa lao: kile kipimo cha haraka cha tone la damu hutafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili huunda kupambana na kirusi, na kingamwili hubaki mwilini miaka mingi baada ya kirusi kutoweka. Aliyepona akipimwa hivyo ataonekana bado ana C. Kingamwili hizo hazimkingi pia. Akichomwa kwa sindano iliyokwisha kutumiwa na mwenye virusi, huambukizwa upya. Kwa hiyo karatasi ya kutunza kwenye faili la nyumbani ni ile ya kipimo cha RNA, yenye tarehe, ili atakayempima tena asimwanzishie tiba aliyokwisha kuimaliza.