Jack Lynch, kiungo aliyekuwa nahodha kwa zamu

Kazi yangu ni kuchambua viungo. Nilianza na wa kandanda, na huko bado ndiko ninakopata mkate wangu, lakini mchezo unaonisisimua zaidi siku hizi ni hurling, ule wa fimbo na mpira wa Ayalandi. Kiungo wa mchezo huo anabeba mzigo ambao wa kwetu haujui. Nikitakiwa kuueleza, mfano wangu ni Jack Lynch wa Cork. Wengi wakimtaja humtaja kama Waziri Mkuu wa nchi yake, 1966 hadi 1973 na tena 1977 hadi 1979. Siasa zake nawaachia wanaozifuatilia. Mimi nina neno kuhusu namba aliyocheza na kuhusu unahodha wake, kwa sababu unahodha huo husimuliwa kana kwamba ulikuwa cheo cha kudumu, na haukuwa hivyo hata kidogo.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuona mchezo wenyewe: kila timu ina watu 15, na uwanja una urefu wa mita 130 hadi 145, mrefu kuliko wa kandanda kwa mbali. Mpira ni mdogo, unaenea kiganjani, umevikwa ngozi. Fimbo ni ya mbao, bapa mwishoni. Lango lina nguzo mbili ndefu na mwamba katikati, kama la raga. Mpira ukipita chini ya mwamba ni goli, na goli lina thamani ya pointi tatu. Ukipita juu ya mwamba ni pointi moja. Ndiyo maana matokeo huandikwa kwa namba mbili: 2-7 ni magoli mawili na pointi saba, jumla 13. Ishike hesabu hiyo, tutairudia.

Viungo ni wawili tu kila upande, jezi 8 na 9. Nyuma yao kuna mabeki sita na kipa, mbele yao washambuliaji sita. Mechi huanza kwa mwamuzi kuutupa mpira katikati ya viungo hao wanne, na tangu hapo hawapumziki. Shida yao ni kwamba beki mwenye mkono mzuri anaweza kuupiga mpira ukapita juu ya vichwa vyao na kwenda moja kwa moja hadi kwa washambuliaji. Kiungo asiyejua kusoma mchezo anaweza kukimbia kipindi kizima bila kuugusa. Anayejua huwahi mahali mpira utakapoangukia baada ya wengine kuugombania angani, kisha anaupiga kabla hajafikiwa. Na akiwa katikati ya uwanja, bado yuko katika umbali wa kufunga pointi. Zama za Lynch mpira ulipigwa zaidi ukiwa chini au ukiwa hewani, bila kudakwa kwanza, na kofia ngumu hazikuwapo. Aliyeingia katikati aliingia na kichwa wazi mbele ya fimbo tatu.

Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1917 mjini Cork, karibu na kanisa la Shandon, upande wa kaskazini wa mji. Klabu yake ilikuwa Glen Rovers, iliyotwaa ubingwa wa kaunti ya Cork miaka minane mfululizo, 1934 hadi 1941. Klabu hiyo ndiyo ufunguo wa habari ya unahodha. Kule Cork, nahodha wa timu ya kaunti, ile inayokusanya wachezaji wa klabu zote kushindania ubingwa wa taifa, hakuchaguliwa kwa sababu ya umri, wala kwa sababu kocha amemwona ana sauti. Klabu iliyokuwa bingwa wa kaunti mwaka uliotangulia ndiyo iliyopewa haki ya kumteua. Kwa hiyo tunapoambiwa Lynch aliiongoza Cork katika fainali ya taifa ya 1939 na ile ya 1942, tunaambiwa mambo mawili kwa pamoja: kwamba Glen walikuwa mabingwa wa 1938 na 1941, na kwamba Glen, waliojaa wachezaji wakali, walimwona yeye kuwa anafaa.

Fainali ya 1939 ilichezwa Croke Park, Dublin, tarehe 3 Septemba, siku ileile Uingereza ilipotangaza vita dhidi ya Ujerumani. Kipindi cha pili radi zikaanza kupasuka juu ya uwanja, na mvua ikashuka kwa nguvu kiasi kwamba walioketi jukwaani walitaabika kumtambua nani kapiga nini. Ngozi ya mpira wa siku hizo ilinyonya maji. Mpira ukawa mzito, fimbo ikateleza mikononi. Dakika zilipokuwa zinakwisha timu zilikuwa sare, kisha Jimmy Kelly wa Kilkenny akapitisha mpira juu ya mwamba. Kilkenny 2-7, Cork 3-3. Nahodha mwenye umri wa miaka 22 akafungwa kwa pointi moja.

Sasa rudi kwenye hesabu. Cork walifunga magoli matatu, Kilkenny mawili, na bado Cork wakashindwa, 13 kwa 12. Mwaka 1942 Lynch akiwa nahodha tena dhidi ya Dublin, mambo yakageuka: Dublin walipata magoli matatu na Cork mawili, lakini Cork walishinda 2-14 kwa 3-4. Pointi 14 juu ya mwamba, moja baada ya nyingine. Na mwaka 1947, katika fainali nyingine aliyoshindwa, Kilkenny hawakupata goli hata moja. Walifunga 0-14, Cork wakapata 2-7, na Kombe la Liam MacCarthy, lile la ubingwa wa taifa, likaenda Kilkenny kwa tofauti ya pointi moja. Katika fainali zote tatu, timu iliyofunga magoli mengi ndiyo iliyopoteza.

Mimi naamini hapo ndipo kazi ya kiungo inapoonekana. Goli linaweza kuja kwa kipa kuteleza au kwa purukushani mbele ya lango. Pointi moja moja kwa dakika 60, muda wa mechi wa zama hizo, zinataka timu iupate mpira katikati mara kwa mara, na iupate ikiwa na nafasi ya kuupiga. Watazamaji hukumbuka magoli. Kiungo anapimwa kwa ile namba ya pili.

Kati ya fainali hizo mbili za huzuni kuna miaka ambayo hakuna mchezaji mwingine aliyewahi kuifikia. Lynch alitwaa medali sita za ubingwa wa taifa katika miaka sita mfululizo: hurling 1941, 1942, 1943 na 1944, kandanda ya Kiayalandi 1945, kisha hurling tena 1946. Na tazama waliokuwa manahodha. 1941 alikuwa Connie Buckley wa Glen. 1942 Lynch. 1943 Mick Kennefick na 1944 Seán Condon, wote wa St Finbarr's, maana klabu hiyo ilikuwa imewanyang'anya Glen ubingwa wa kaunti. 1945, kwenye kandanda, alikuwa Tadhg Crowley wa Clonakilty. 1946 Christy Ring wa Glen. Medali sita, manahodha sita. Mtu aliyelipokea kombe kwa mkono wake mwaka 1942 alirudi mwaka uliofuata kuwa askari wa kawaida chini ya kijana wa klabu hasimu, na Cork wakashinda tena. Kwangu hilo linamweleza Lynch vizuri kuliko picha yoyote akiwa na kombe.

Haki inataka niseme kwamba ubingwa wa 1941 una doa lake. Ugonjwa wa miguu na midomo ulikuwa umeenea kwa ng'ombe, Tipperary na Kilkenny wakazuiwa kuendelea, na Cork wakapelekwa fainali kwa kuteuliwa. Waliwafunga Dublin 5-11 kwa 0-6. Baadaye, ilipochezwa fainali ya jimbo la Munster iliyokuwa imeahirishwa, Tipperary waliwafunga Cork. Wa 1944, kinyume chake, haudaiwi na mtu. Petroli ilikuwa adimu, na mashabiki walikwenda kwa baiskeli hadi mji wa Thurles kuwaona Cork na Limerick wa nyota Mick Mackey wakitoka sare katika fainali ya Munster, 6-7 kwa 4-13. Mechi ya marudio iliamuliwa na goli la Ring mwishoni.

Hakuna aliyelipwa. Mchezo huu ni wa ridhaa hadi leo. Lynch alikuwa mtumishi wa serikali mjini Dublin, akasomea sheria na kuwa wakili mwaka 1945, na katika miaka hiyo hiyo aliendelea kuivalia Cork jezi nyekundu. Mwaka 1948 akaingia bungeni.

Ring alipofariki Machi 1979, Waziri Mkuu aliyezungumza kaburini kule Cloyne alikuwa mchezaji mwenzake wa zamani. Na mwaka 1984, chama cha michezo ya Kiayalandi kilipotimiza miaka 100, iliteuliwa timu bora ya karne. Viungo wake wawili walikuwa Lory Meagher wa Kilkenny na Jack Lynch. Meagher naye alikuwa nahodha bingwa, mwaka 1935, Kilkenny walipowafunga Limerick 2-5 kwa 2-4 kwenye mvua. Nao walikuwa na pointi moja tu ya ziada.

Fainali ya taifa siku hizi huchezwa Julai, na inaweza kutazamwa mtandaoni kutoka popote. Ukiipata, kwa dakika kumi za kwanza usiufuate mpira. Mtazame jezi 8 au 9, angalia anasimama wapi wakati beki wake anainua fimbo.